Fyuzi Mfukoni mwa Felisita

Felisita Mihayo alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu wenye haraka: kabla ya kuwasha mashine yoyote, aliishika kwanza. Hakuigonga wala kuitikisa kama wafanyavyo mafundi wa kujionyesha. Aliweka kiganja juu ya chuma akanyamaza, kama mama anayepima homa ya mtoto, na ukimsemesha wakati huo hakujibu. Pale Bariadi mjini, alikokuwa akitengeneza majokofu ya wauza soda na ya hoteli mbili karibu na stendi, wateja walikwisha kumzoea. "Mwache, anaisalimia," walisema, na watani wake wakaongeza kwamba iko siku friji litamwitikia kwa salamu ya Kisukuma, mwangaluka.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Aliipata kwa machungu. Ujana wake aliumalizia katika kiwanda kimoja cha serikali upande wa ziwa, mwanamke pekee kwenye karakana ya mitambo ya baridi, na huko alifundishwa na watu wanaoijua kazi. Siku moja ikafungwa kompresa mpya. Kitabu chake kilisema wazi kwamba isiwashwe mpaka hita yake iwe imewaka kutwa kucha. Lakini meneja alikuwa na wageni, akamwambia Felisita kwamba wageni hawangoji kitabu, abonyeze tu, lawama ni zake yeye meneja. Felisita alijua si sawa, akabonyeza. Kompresa ikatoa mlio wa sufuria lililojaa kokoto, ikazunguka dakika tatu, ikafa mbele ya wageni wale wale. Barua ya onyo iliandikwa jina la Felisita, si la meneja. Miaka michache baadaye, viwanda vilipoanza kuuzwa na majina ya watu wa kupunguzwa yakabandikwa ukutani, jina lake lilikuwa karibu na juu. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kwa sababu ya barua ile. Yeye aliamini hivyo, na sioni sababu ya kumbishia.

Akarudi kwao na sanduku la spana, na binti yake Jenifer, na neno alilojiapia ndani ya basi: hatabonyeza tena swichi kwa kumwogopa mtu. Ni rahisi kuapa hivyo unapokwenda kutengeneza friji la muuza soda. Muuza soda hana wageni wa kumharakisha. Felisita mwenyewe alijua kwamba kiapo chake kilikuwa bado hakijajaribiwa.

Siku zile soko huria lilikuwa limefungua milango yote. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake ilinunuliwa na kila mwenye lori na mizani, na watu waliokuwa makarani jana walijiita wakurugenzi leo. Bwana Danford alikuwa mmoja wao, ila huyu alikuwa na akili ya kutazama pembeni. Wenzake wakigombania pamba, yeye alitazama ng'ombe wa Nkoma, Nkololo na Dutwa, akaona maziwa ya masika yanavyoharibika kwa kukosa mahali pa baridi, akajenga kituo cha maziwa nyuma ya soko. Kisha akaagiza mashine ambayo mji ule haukuwa umepata kuiona: tangi kubwa la chuma kinachong'aa, na pembeni yake kompresa, mabomba na pipa la maji.

"Watu wanasema inatengeneza baridi," Felisita alimweleza mzee Salu, mlinzi wa kituo, siku mafundi wa Dar es Salaam walipomaliza kuifunga. "Baridi haitengenezwi, baba. Hii inahamisha joto. Inalichota ndani ya maziwa kama unavyochota maji kisimani, inakwenda kulimwaga kwenye lile pipa. Maziwa yanapoa, maji yanapata moto, na maji hayo tutaoshea madumu."

Mzee Salu alikuwa mtu wa Nkoma, mwenye adabu zake. Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo maziwa ndiyo yatakayopasha maji moto?"

"Ndiyo."

"Haya, mayu," alisema mzee Salu, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa upole wa mtu ambaye hajaamini hata kidogo.

Mafundi wa Dar walipanda basi Jumanne, wakasema kuiwasha si kazi, fundi yeyote wa hapo anaweza. Bwana Danford akamwita Felisita. Alikuwa amekwisha kualika ofisa mifugo wa wilaya, na kuwaambia wanawake wa vijijini walete maziwa Jumamosi saa nne. "Mama Jenifer," alisema, "iwashe vizuri Jumamosi, na kazi ya kuitunza ni yako. Ikishindikana, namrudisha mtu wa Dar, na wewe urudi kwenye friji zako." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga magunia. Felisita aliitamani kazi ile kiasi kwamba aliogopa kuitikia kwa sauti, akakubali kwa kichwa tu.

Siku mbili alizunguka mashine ile kiguu na njia. Kwanza aliona boliti nne zilizopakwa rangi, zilizobana kompresa isitikisike njiani kwenye lori. Wale waliosema kuiwasha si kazi walikuwa wameziacha zimekaza vile vile; mashine ingewashwa hivyo ingejipasua mabomba yenyewe kwa mtikisiko. Akazilegeza, akamung'unya maneno ambayo mke wa mchungaji hapaswi kuyasikia. Akajaza pipa maji, akatoa hewa kwenye mabomba mpaka maji yakaacha kukohoa. Akasafisha chujio, akatoa humo vipande vya saruji. Akakaza kila waya kwenye boksi la umeme. Alipojaribu pampu ya maji peke yake, ilizunguka kinyume, akabadilisha nyaya mbili, ikazunguka sawa. Yote haya aliyafanya bila kuiwasha kompresa, ambayo ilikuwa bado baridi.

Baridi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kompresa ikikaa bila moto, gesi hugeuka maji na kulala ndani ya oili, chini kabisa. Ukiiwasha hivyo, ile gesi inachemka ghafla, oili inageuka povu na kukimbilia kwenye mabomba, na vyuma vinasagana vikavu. Ndiyo maana imewekewa hita ndogo tumboni, iifukuze gesi taratibu, kutwa na kucha. Ijumaa saa nne kamili asubuhi, Felisita alipandisha swichi kubwa ya ukutani, taa ndogo ya hita ikawaka. Kisha akachomoa fyuzi ya kompresa, ili asije mtu akabonyeza kwa bahati mbaya, akaitia mfukoni mwa ovaroli yake. Hita ilikuwa na njia yake ya umeme, haikuihitaji fyuzi ile.

"Baba Salu," alisema wakati wa kuondoka mchana, "ilinde hii kama roho yako."

"Ondoa shaka, mayu."

Jioni saa kumi na moja mvua ikaja na radi zake, zile za masika zinazotikisa bati na kunyamazisha hata mbwa. Nyumbani kwake Felisita alifanya kama walivyofanya majirani wote, na kama alivyofanya mama yake na bibi yake: akageuza kioo kikatazama ukuta, akamwambia Jenifer avue sweta jekundu alifiche chini ya mto, kwa kuwa radi hufuata kinachong'aa na chekundu. Ukimuuliza kama anaamini mambo hayo, fundi mzima aliyesomea umeme, angecheka. Lakini kioo aligeuza. Halafu akalala akiisikiliza mvua, na moyo wake ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyemaliza kupalilia.

Asubuhi saa mbili alifika kituoni akiwa amevaa ovaroli iliyofuliwa, fyuzi mfukoni. Taa ya hita ilikuwa inawaka. Wanawake walikuwa wameanza kuingia na madumu na vibuyu vichwani, wakisalimiana mwangaluka, mwangaluka, na bwana Danford alikuwa amevaa tai. Felisita akaenda moja kwa moja kwenye kompresa, akaweka kiganja chini ya tumbo lake.

Ilitakiwa kuwa na moto wa kikombe cha chai. Ilikuwa vuguvugu, basi. Akahamisha mkono, akaweka na shavu. Vuguvugu.

"Baba Salu," aliita taratibu. "Jana umeme ulikatika?"

"Haukukatika, mayu. Niliuzima mimi." Mzee Salu alikuwa anatabasamu, kwa sababu alikuwa amengoja kuulizwa. "Radi zilipoanza nikazima swichi kubwa. Halafu nikaliona hili tangi linavyong'aa, ni kioo hiki, mayu, kinaita radi kutoka Shishiyu. Nikalifunika shuka langu na maturubai mawili. Ile mitungi myekundu ya zimamoto nikaiviringishia magunia. Zilipiga mpaka kukaribia alfajiri. Zilipotulia, saa kumi na mbili, nikafunua, nikafuta, nikawasha swichi kama ulivyoiacha. Sijalala hata kidogo."

Felisita alimtazama. Alitaka kukasirika, hasira ikakosa pa kukaa. Saa ile ile mzee huyu alipokuwa anafunika tangi, yeye alikuwa anageuza kioo chake. Waliogopa kitu kimoja kwa namna moja, ila yeye hakukumbuka kwamba ameacha kioo kingine kituoni, kikubwa kuliko vyote. Na alimwambia ailinde, hakumwambia kwamba taa ile isizimwe. Hita ilikuwa imewaka saa mbili tu.

Bwana Danford alikuja akitazama saa. Felisita akamweleza: leo haiwaki, ni kesho.

"Kesho?" Bwana Danford alishusha sauti, kwa kuwa ofisa mifugo, bwana Marcelo, alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha mbele. "Mama Jenifer, wageni wako hapa. Maziwa yako hapa. Taa inawaka, naiona."

"Taa inawaka, tumbo bado halijapata moto. Nikiiwasha sasa itavunjika."

"Itavunjika, au inaweza kuvunjika?"

Hilo lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na Felisita hakuwa mwongo. "Inaweza," alisema. "Huenda ikapona. Niliwahi kuona moja haikupona."

"Basi tujaribu. Mimi ndiye mwenye mashine. Lawama nabeba mimi."

Felisita akacheka kidogo kwa uchungu, kwa sababu meneja wa zamani naye alisema maneno kama hayo. Aliiona kazi ikimponyoka, akamwona mtu wa Dar akishuka kwenye basi, akajiona yeye na sanduku lake akiinama nyuma ya friji la soda mpaka uzeeni. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukaikuta fyuzi, ukaishika.

"Bosi, kunifukuza unaweza sasa hivi," alisema. "Lakini fyuzi ninayo mimi, na kabla ya kesho haitoki."

Bwana Danford alibadilika rangi. Akageuka atafute wa kumwangukia, akamwona mzee Salu amesimama palepale na shuka lake mkononi.

"Nani alizima umeme?"

"Ni mimi," alisema mzee Salu. Hakuona sababu ya kuficha jambo jema.

"Chukua vitu vyako uende."

"Huyu hana kosa," alisema Felisita. "Mimi sikumwambia. Nilimwambia alinde, akalinda. Kama ni kosa, liandike kwangu."

Wanawake walikuwa wameweka madumu chini, wakitazama. Sijui ingeishia wapi, maana bwana Danford hakuwa mtu wa kurudisha neno lake nyuma mbele ya watu. Lakini wakati huo akaingia Constantine, mwenye hoteli ya jirani, ndala zimejaa matope, hakusalimia mtu.

"Fundi, nakutafuta kwako tangu asubuhi," alisema. "Radi ya jana imenimaliza. Friji, televisheni, na ile pampu ya kisima, vyote vimenuka moshi mara moja. Njoo uangalie kama kuna cha kuokoa."

Bwana Danford alitazama ukuta wa hoteli, ambao uliungana na ukuta wake, akatazama waya wa umeme uliopita juu ya paa moja kwenda paa la pili. Akatazama tangi lake jipya, boksi lake la umeme, swichi zake. Mwisho akamtazama mzee Salu, ambaye alikuwa bado ameshika shuka na hakuelewa kwa nini watu wote wamemgeukia.

"Kaa, mzee," alisema bwana Danford, kwa shida. "Kaa kwanza, upumzike."

Ikabaki hoja ya maziwa. Hapo ndipo Milembe, mama mmoja wa Dutwa mwenye mdomo mwepesi, alipoingia kati. "Maziwa yana tatizo gani?" aliuliza. "Kabla ya hiki chuma hamkuwa mkinywa? Leteni vibuyu, tugandishe. Kesho mgeni wa heshima atakunywa mtindi, na maziwa ya asubuhi tutakiletea chuma." Wanawake wakacheka, wakaanza kazi, na bwana Marcelo, ambaye kumbe alikulia nyuma ya ng'ombe kule Mwanhuzi, akavua koti akawashikia kibuyu. Alipewa na mtindi wa juzi aliokuja nao mmoja wao. Akanywa vikombe viwili, akasema kwa mtindi ule yuko tayari kurudi hata keshokutwa.

Felisita alishinda pale na mzee Salu mpaka jua likazama. Mawingu yalikusanyika tena upande wa Serengeti, wote wawili wakayatazama, yakapita. Kabla ya kwenda nyumbani alichukua kopo la rangi na brashi, akaandika ukutani kando ya swichi kubwa: RADI IKIPIGA, ZIMA. UKIZIMA, MWAMBIE FELISITA. Mzee Salu hakujua kusoma, ikabidi asomewe mara mbili.

"Hapo sawa," alisema. "Hata kama ni mbali nitakuja kukwambia."

Jumapili watu walitoka kanisani wakaja na nguo zao za ibada. Felisita aliweka kiganja tumboni mwa kompresa, na moto aliouona pale ulimfanya afumbe macho. Akawasha pampu ya maji kwanza, akangoja mpaka mabomba yakajaa. Maziwa yakamiminwa, kikorogeo kikaanza kuzunguka polepole. Akazima swichi kubwa, akatoa fyuzi mfukoni, ina joto la mwili wake, akairudisha mahali pake, akaipandisha swichi tena. Akawaomba watu warudi hatua tatu. Bwana Danford naye akarudi hatua tatu, na tai yake.

Akabonyeza.

Kompresa ilinguruma mara moja, ikatulia kwenye mlio mmoja, laini, wa chini. Hapakuwa na kokoto. Felisita alisimama na kidole juu ya kitufe cha kuzimia dakika tano nzima, macho kwenye mishale ya geji, kisha akakiondoa kidole. Bomba moja lilianza kutoka jasho la baridi. La pili aliligusa kwa ncha ya kidole akaondoa haraka. Baadaye kidogo mzee Salu aliitwa kwenye bomba la pipa, akaweka mkono chini ya maji, akauvuta haraka.

"Yana moto," alisema, akiwageukia watu kwa mshangao. "Na moto umetoka kwenye maziwa. Wabeja, asante mayu. Nilidhani unanidanganya."

Felisita alikuwa na furaha ya kulia, akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa ovaroli bila kuona haya. Miaka yote aliyofanya kazi alikuwa amewasha mashine nyingi, na hii ilikuwa ya kwanza kuwaka saa aliyoipanga yeye.

Watu walipoanza kutawanyika, Milembe alimfuata bwana Danford mlangoni. "Bosi, na kesho tulete? Saa ngapi?"

Bwana Danford alifungua mdomo, kama alivyozoea. Kisha akaufunga, akageuka, akamtazama mwanamke aliyeinama kando ya kompresa na kiganja chake chini ya chuma.

"Fundi," aliuliza, "walete saa ngapi?"

"Saa moja," alisema Felisita, bila kuondoa mkono. "Waje wote."